Godoro la Upepo Likivuja, Mgonjwa Analalia Nini?

Kama uko jikoni endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu, na ukiweza uwe na kalamu na karatasi, kwa sababu leo nitataja vitu vya kununua na saa za kufuata.

Leo tunazungumza kuhusu godoro la upepo. Wengine wataniuliza, hilo nalo ni jambo la afya? Si kazi ya fundi? Nisikilizeni kwanza.

Mwaka fulani mwezi wa Julai niliitwa katika nyumba moja huko Kitisuru. Mnajua Julai ya Kitisuru, ukungu hauondoki hadi saa 4 asubuhi, na ukishuka matatu Lower Kabete Road unatembea ukipuliza mikono. Niliitwa kumtazama shosho mmoja aliyekuwa amepatwa na kiharusi, upande wake wa kulia hausongi. Nilipoingia nilikuta watu wawili hawaongei. Mmoja alikuwa binti ya shosho, mwenye nyumba. Wa pili alikuwa dada anayemtunza shosho mchana na usiku. Juu kidogo ya matako ya shosho palikuwa pametokea kidonda, upana wake kama sarafu ya shilingi 20. Binti alisema, "Nimenunua godoro la hospitali, nimemlipa mtu, na bado mama yangu anaoza kitandani." Dada alikuwa anaangalia sakafu.

Nilipitisha mkono wangu chini ya lile godoro, pale chini ya matako. Niliugusa mfupa wa shosho kana kwamba hakuna kitu katikati. Upepo ulikuwa umekwisha. Lile godoro la bei kubwa lilikuwa limebaki kama mfuko wa nailoni juu ya mbao.

Tulipotoka nje dada aliniambia ukweli. Ijumaa alikuwa amebana shuka kwa pini ili lisiteleze. Jumamosi aliona godoro limelegea. Aliongeza upepo, likajaa, likalegea tena. Hakusema kwa sababu alidhani atakatwa mshahara. Mimi nilifika Jumatano. Hesabu mwenyewe, shosho alilalia mbao usiku ngapi? Kile kidonda kilifunga kabisa mwezi wa Septemba.

Ndiyo sababu nasema tundu la pini katika godoro la mgonjwa ni jambo la afya. Linatakiwa kutajwa siku ile ile linapoonekana, na kuzibwa vizuri.

Kwanza tuelewane ni godoro gani. Liko la wageni, lile la kujaza wakati wa Krismasi, ambalo juu mara nyingi lina manyoya mafupi laini. Hilo ni la kulala mtu mzima mwenye afya, usiku mmoja au mbili. Na liko la mgonjwa, ambalo huwekwa juu ya godoro la kawaida na limeunganishwa na pampu ya stima. La mgonjwa lina vyumba vingi vya upepo. Baadhi ni kama mapovu yaliyopangwa kwa safu, na mengine ni kama mirija iliyolazwa kutoka upande hadi upande. Pampu hujaza safu moja huku ikilegeza ya pili, halafu baada ya kama dakika 10 inabadilisha. Kwa njia hiyo hakuna mahali pa mwili panapobanwa muda mrefu.

Kwa nini kubanwa ni hatari? Ngozi yetu hulishwa na mishipa midogo ya damu. Mfupa unapoibana ngozi dhidi ya kitu kigumu, damu haipiti. Wewe na mimi tukibanwa tunasikia maumivu, tunajigeuza hata usingizini. Mgonjwa wa kiharusi hawezi kujigeuza. Aliyeumia uti wa mgongo hata hasikii kwamba anaumia. Ngozi na nyama chini yake zinaanza kufa kimya kimya, na kwa mtu dhaifu saa chache tu zinatosha kuanzisha jambo hilo. Ndipo tunapata vile vidonda vya kulalia.

Habari hii si mpya. Mwaka 1832 daktari mmoja wa Uskoti, Neil Arnott, alitengeneza kitanda cha maji kwa ajili ya wagonjwa waliokuwa wakipata vidonda hivi. Kuanzia 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alisisitiza kwamba wagonjwa wake walioumia uti wa mgongo wageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Hapa Nairobi tuna hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo, pale Lenana Road, na wauguzi wa wodi kama zile watakwambia kwamba godoro hata liwe zuri namna gani, haliondoi kazi ya kumgeuza mgonjwa.

Basi, umepita kitandani asubuhi umeona godoro limelegea. Usikimbilie gundi. Mara nyingi hakuna tundu lolote.

Tazama stima kwanza. Je, taa ya pampu inawaka? Je, kuna mtu alichomoa plagi achaji simu? Usicheke, hiyo ndiyo sababu niliyoikuta mara nyingi kuliko zote. Kisha weka mkono juu ya pampu usikie kama inatetemeka. Fuata ile mirija miwili inayotoka kwenye pampu hadi kwenye godoro. Je, imechomoka? Je, imebanwa na mguu wa kitanda? Halafu nenda upande wa kichwa cha kitanda. Magodoro mengi ya wagonjwa yana kifuniko cha dharura kilichoandikwa herufi CPR. Kazi yake ni kutoa upepo wote kwa haraka, ili mgonjwa akizimia moyo aweze kukandamizwa kifua juu ya kitu kigumu. Kifuniko hicho kikilegea kidogo tu wakati wa kutandika, godoro litatoa upepo siku nzima na hutaona tundu popote. Kifunge sawasawa. Mwisho tazama kile kitufe cha kuzungusha kwenye pampu. Kinapangwa kulingana na uzito wa mgonjwa, na mtu akipangusa vumbi anaweza kukisogeza hadi uzito wa mtoto wa shule bila kujua. Mimi hupenda kubandika plasta ndogo kuonyesha mahali pake.

Baridi nayo hudanganya. Upepo ukipoa hupungua. Godoro la wageni ulilolijaza mchana chumba kikiwa na joto la digrii 28, likikaa usiku wa Julai kwenye digrii 12, upepo wake unapungua kama sehemu 5 kwa kila 100. Litalegea hata kama halina tundu. Na likiwa jipya, plastiki yake hunyooka siku za kwanza. Lijaze tena, ungoje usiku wa pili kabla hujalaumu mtu.

Ukimaliza hayo, fanya kile kipimo cha mkono nilichofanya mimi kwa shosho. Mgonjwa akiwa amelala chali, pitisha mkono kiganja kikiangalia juu, katikati ya godoro la upepo na lile la chini, chini ya matako yake. Kati ya kiganja chako na mwili wake panatakiwa kuwa na upepo usiopungua sentimita 2 na nusu, kama upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Ukiugusa mfupa, hata kama godoro pembeni linaonekana limejaa, mgonjwa hana godoro. Kipimo hiki hakigharimu senti. Kifanye kila asubuhi na kila jioni unapobadilisha shuka.

Sasa tuseme ni tundu kweli. Mtoe mgonjwa kwanza. Usizibe godoro mtu akiwa amelala juu yake. Wawe watu wawili wa kumhamisha, msimburute, mwinueni kwa shuka. Na mwambie unachofanya, hata kama hawezi kujibu: "Shosho, tunakuhamisha kidogo, tunatengeneza kitanda chako." Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupoteza maneno na bado anasikia kila kitu.

Lijaze godoro hadi liwe gumu. Funga dirisha na uzime redio, leo nakuruhusu, halafu pitisha sikio karibu karibu ukisikiliza. Tundu kubwa linapiga mluzi. Lowesha shavu lako kwa maji, maana shavu lenye maji husikia hewa ambayo mkono hausikii. Kama bado hulioni, changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji kwenye bakuli, chovya sponji, upake kidogo kidogo. Anza pale ambapo matundu hupenda kuwa: kwenye mdomo wa kujazia upepo, kwenye maungio ya pembeni, na upande wa chini unaosuguana na mbao. Utakapoona mapovu madogo yanaota na kukua, ni hapo. Futa, zungushia alama kwa kalamu ya wino usiofutika, na uendelee kupaka, kwa sababu pini hutoboa mara mbili, ikiingia na ikitoka. Yule dada wa Kitisuru alikuwa na matundu mawili, na la pili lilikuwa chini.

Maji yasiifikie pampu. Ichomoe kwenye ukuta na uiweke juu ya kiti unapopaka karibu na mirija yake.

Tukija kwa kuziba, hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Magodoro mengi ya upepo ya nyumbani yametengenezwa kwa plastiki laini ya vinili, ile inayoitwa pia PVC. Kiraka cha baiskeli na solushoni yake vimetengenezwa kwa ajili ya mpira. Fundi wa pancha pale stendi atakuzibia kwa moyo mweupe, kitashika siku mbili, kisha kitabanduka kama ganda la ndizi. Supagluu nayo hukauka ngumu kama kioo. Mgonjwa akigeuzwa godoro linakunjika, gundi inapasuka, na sasa una tundu lenye makali. Gundi ya mabomba ya maji nayo hukauka ngumu, na imetengenezwa kwa plastiki nene isiyokunjika. Plasta ya kidonda na selotepu ni za kukufikisha kesho tu, si zaidi.

Unachotaka ni gundi iliyoandikwa kwamba inashika vinili laini, ile ya maboya ya kuogelea na mahema, pamoja na kipande cha vinili. Magodoro mengi huuzwa na kipande kidogo ndani ya boksi, kwa hiyo usitupe boksi kabla hujapekua. Kama hakuna, boya la mtoto lililochakaa linatoa viraka vizuri sana, au mwombe fundi wa viti vya magari akupe mabaki. Godoro lingine limetengenezwa kwa kitambaa kilichopakwa plastiki na si vinili tupu. Hapo soma lebo au muulize aliyekuuzia ni gundi gani.

Kata kiraka mviringo, si mraba, kwa sababu pembe ndizo huanza kubanduka. Kipite tundu kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Toa upepo wote. Kama mahali hapo pana yale manyoya mafupi, yakwangue kwa msasa laini hadi uone plastiki yenyewe, kwani gundi ikipakwa juu ya manyoya inashika manyoya, haishiki godoro. Futa kwa kitambaa chenye spiriti ili uondoe mafuta ya mwili na sabuni, ungoje pakauke kabisa. Paka gundi nyembamba kwenye godoro na kwenye kiraka, na ufuate maandishi kuhusu dakika za kungoja. Bandika, sukuma mapovu yatoke kutoka katikati kwenda nje, kisha weka ubao bapa na juu yake kitu kizito. Sufuria iliyojaa maji inatosha.

Halafu ngoja. Gundi nyingi za aina hii zinataka saa kama 24 kabla ya kujazwa upepo, na katika baridi ya Julai afadhali uzidishe. Wengi huharibu kazi hapa kwa sababu mgonjwa anangoja. Ndiyo maana nitawaambia baadaye alale wapi usiku huo.

Tahadhari moja kuhusu gundi, na naomba uisikie vizuri. Gundi hizi zinashika moto haraka na mvuke wake unalevya. Fanya kazi nje au barazani. Usiikaushe kwa jiko la makaa, wala usiipake karibu na stovu au mshumaa. Mjamzito na mwenye pumu wakae mbali. Ukimaliza funga kopo na ulifungie mahali. Kila mtu wa Nairobi ameona gundi inavyowafanya watoto walioko barabarani, hivyo usiiache pale mtoto wako atakapoionea hamu.

Yako matundu ambayo hayazibiki nyumbani. Likipasuka kwenye maungio yaliyochomwa na mashine kiwandani, kiraka hakikai. Likitoa uvimbe kama kichuguu katikati, maana yake kuta za ndani zimeachana, na hakuna gundi itakayofika huko. Kama godoro la mgonjwa ni la mirija, mara nyingi mrija mmoja unaweza kuchomolewa na kununuliwa peke yake, ulizia kabla hujatupa lote. Na kama godoro ni la kukodi, usilishike hata kwa sabuni, mpigie mwenyewe simu.

Tena, kama tundu limekaa siku kadhaa na mgonjwa hujikojolea, nusa. Mkojo ukiingia ndani ya vyumba vya upepo hautatoka. Godoro hilo limekwisha kazi yake kwa mgonjwa.

Haya, usiku huo analala wapi? Analala juu ya godoro zuri la sponji, lile ambalo halijabonyea katikati. Ondoa kabisa lile la upepo. Usimwache juu ya godoro lililojaa nusu, kwa kuwa mikunjo yake ni mibaya kuliko sponji tupu. Kisha andika saa kwenye karatasi na uibandike ukutani: saa 2 usiku ubavu wa kushoto, saa 4 chali, saa 6 ubavu wa kulia, saa 8 ubavu wa kushoto tena, hivyo hivyo hadi asubuhi. Kila ukigeuza, tia alama. Ukimlaza ubavu usimsimamishe juu ya nyonga, mwinamishe nusu tu, mto nyuma ya mgongo na mwingine kati ya magoti. Weka mto chini ya ndama za miguu ili visigino vining'inie hewani bila kugusa kitu. Kama analishwa, mwinue akae, asikabwe na chakula, lakini baada ya muda mshushe, kwani akikaa nusu nusu anateleza na ngozi ya matako inavutwa.

Ninajua mnachosema huko. Nani ataamka saa 8 usiku, saa 10, saa 12, na kesho ana kazi? Hapa nitasema na ninyi wenye nyumba. Mnaweza kununua godoro la maelfu ya shilingi na bado mkamwachia mtu mmoja kazi ya watu watatu. Dada aliyemgeuza mama yako usiku kucha hawezi pia kuamka saa 11 kupika chai ya watoto wa shule. Gawaneni usiku. Kijana mwenye nguvu anayeangalia mpira hadi saa 6 anaweza kumgeuza guka wake kabla ya kulala. Na mwambieni anayemtunza mgonjwa, kwa maneno wazi, kwamba kitu kikiharibika aseme na hatakatwa hata senti. Tundu la pini ni kazi ya gundi ya siku moja. Kidonda ni miezi.

Wewe unayetunza, usingoje kuulizwa. Sema, "Mama, godoro limeanza kulegea tangu saa hii." Liandike pia kwenye ile karatasi ya ukutani.

Kila unapomgeuza, tazama ngozi. Tazama juu ya matako, visigino, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko, mafupa ya mabega, nyuma ya kichwa na masikio. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu usiotoka ukibonyeza. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuta mahali palipogeuka rangi, pameiva zaudi au zambarau kuliko jirani yake. Gusa kwa nyuma ya mkono, je, pana joto au baridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelainika kama parachichi lililoiva? Mgonjwa anakunja uso ukipagusa? Ukiona hayo, mtoe mahali hapo kabisa, asipalalie hadi parudi kawaida.

Usipakande. Tulifundishwa zamani kusugua kwa spiriti na poda, lakini kusugua kunaumiza nyama iliyokwisha kuumia, na spiriti inakausha ngozi. Usimkalishe juu ya mduara wa mpira, kwa kuwa ule ukingo wake unabana damu pande zote. Zile glavu zilizojazwa maji zinazowekwa chini ya visigino nazo ziacheni, mto chini ya ndama ni bora. Mweke mkavu, badilisha nepi mapema, tandika shuka moja lisilo na mikunjo. Mayai, maharagwe, maziwa na omena vinasaidia ngozi kujijenga, na maji ya kunywa.

Ngozi ikifunguka, ikitoa usaha au harufu, ikiwa nyeusi, au mgonjwa akipata homa au kuchanganyikiwa ghafla, hiyo si kazi ya nyumbani tena. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au mwite muuguzi siku hiyo hiyo.

Nimalizie na akina mama wenye watoto wachanga, maana najua lile godoro la wageni, likishazibwa, mtu atasema, "Mtoto alale hapa, ni laini." Hapana. Mtoto mchanga asilale juu ya godoro la upepo, lizibwe lisizibwe. Likijaa, uso wa mtoto ukigeuka unazama kwenye ulaini, na hana nguvu ya kuinua kichwa apumue. Likivuja ni hatari zaidi, kwa sababu linabonyea katikati na mtoto anateremka kwenye shimo usiku mmelala. Pia hubaki nafasi kati ya godoro na ukuta, anaingia humo asitoke. Huko Marekani tume yao ya usalama wa bidhaa imetahadharisha wazazi wasiwalaze watoto wachanga juu ya magodoro haya, na onyo linaloandikwa kwenye magodoro yenyewe linataja watoto wa miezi 15 na chini ya hapo. Mtoto alale chali, mahali pagumu, tambarare, pasipo na mito wala mablanketi mazito karibu na uso. Ukienda ushago Desemba na kitanda ni kimoja, wageni wakubwa ndio walale juu ya upepo. Mtoto apewe godoro la sponji lililo gumu, chini sakafuni, mbali na ukuta na mbali na jiko.

Na msijaze godoro kwa kupuliza kwa mdomo. Utapata kizunguzungu, na mate yako yataotesha ukungu ndani. Pampu ya mguu inatosha.

Yule dada wa Kitisuru bado yuko na shosho. Siku hizi shuka linafungwa kwa tepe za kitambaa zilizoshonwa pembeni, na pini zote ziko kwenye mkebe wa majani ya chai juu ya kabati.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu kumlisha mgonjwa asiyeweza kumeza vizuri. Kwaherini.